Jina limo kwenye kompyuta, lakini limekaa kwa jirani

Msimu uliopita, mikorosho ilipoanza kutoa maua, tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja msikilizaji wetu. Alikuwa amekwenda ofisi ya chama chao cha msingi mara tatu kufuatilia mgao wake wa salfa. Mara zote tatu karani alifungua kompyuta, akaangalia kitongoji chake, akamwambia: "Mama, jina lako halimo." Mkononi mama alikuwa na stakabadhi ya msimu wa nyuma yenye namba yake ya uanachama. "Mwaka jana nimeuza korosho hapahapa," alisema kwenye ule ujumbe. "Sasa mimi nimekufa lini?"

Tuliomba kufuatana naye. Viongozi wa chama walikubali, kwa sharti kwamba tusitaje jina la chama wala la kijiji, na sharti hilo tunaliheshimu hata katika maandishi haya. Karani ni kijana. Alipomwona mama alisimama, akampa shikamoo, akampisha kiti. Hakuwa mtu wa kuficha kitu. Alitugeuzia kioo cha kompyuta ili na sisi tuone. Badala ya kufungua kitongoji kama siku zote, safari hii tulimwomba atafute kwa ile namba ya kwenye stakabadhi.

Jina likatokea. Kitongoji: Majengo, sawa kabisa. Ila ilikuwa Majengo ya kijiji cha jirani.

Baada ya kuirusha habari hiyo tulipata ujumbe mwingi, wengine wakisema yamewakuta ya namna hiyohiyo kwenye orodha nyingine, na wengi wakiuliza: kompyuta inawezaje kumhamisha mtu kijiji bila mtu huyo kuhama? Kwenye kipindi dakika zilitubana. Hapa tuna nafasi, kwa hiyo tueleze taratibu.

Mti uliosimama kichwa chini

Ukifungua kompyuta yenye Windows, mara nyingi upande wa kushoto utaona orodha ya folda. Ubavuni mwa folda kuna alama ndogo. Zamani ilikuwa ya kujumlisha, siku hizi ni kimshale. Ukiibofya, folda zilizomo ndani zinajitokeza chini yake, zimesogea kidogo kulia. Orodha ya namna hii ilienea sana baada ya Microsoft kutoa Windows 95, Agosti 1995, kwa sababu watengenezaji wa programu walipewa kifaa cha kuichora kikiwa tayari. Aliyetaka kupanga bidhaa za duka, barua za ofisi au wanachama wa ushirika alikitumia hichohicho.

Programu ya chama hiki ilikuwa imepangwa hivyo. Juu kabisa mkoa, ndani ya mkoa wilaya, ndani ya wilaya kata, kisha kijiji, kisha kitongoji, na mwisho majina ya wakulima. Mafundi huiita mti, ingawa ni mti wa ajabu, maana mzizi uko juu na majani yako chini. Kitu kilichobeba vingine wanakiita mzazi, na kinachobebwa wanakiita mtoto. Kijiji ni mtoto wa kata, na papo hapo ni mzazi wa vitongoji vyake.

Sheria kubwa ya mti huu ni kwamba kila mtoto ana mzazi mmoja tu. Huku kwetu, ambako mtoto hulelewa leo kwa bibi na kesho kwa mama mdogo, sheria hiyo ni kali kidogo, lakini kompyuta haina mjadala nayo.

Kompyuta huuliza nini inapoingiza jina

Programu haina macho ya kuangalia ramani. Haijui kwamba kutoka Majengo hii hadi Majengo ile kuna mwendo wa saa nzima kwa miguu. Inapoingiza jina jipya kwenye mti inasubiri kuambiwa mambo matatu: mzazi wa jina hili ni nani, likae nafasi gani kati ya ndugu zake, na kwenye kioo yaonekane maandishi gani.

Wanaobebesha miche ya mikorosho wataelewa upesi. Kikonyo chako kinaweza kuwa kizuri kabisa, lakini kitamea kwenye shina ulilokifungia. Ukikosea shina, kikonyo hakikuambii.

Lililo zito zaidi ni lile la kwanza, la mzazi. Mti ukishaingiza kitu, humrudishia aliyeagiza alama ya utambulisho wa kitu hicho. Kwenye Tkinter, kwa mfano, ambacho ni kifaa kinachotumiwa na wanaoandika programu za kompyuta ya mezani kwa lugha ya Python, kama fundi hakuweka alama yake mwenyewe atapewa kitu kama I001, kinachofuata I002, na kuendelea. Kwenye Windows alama hiyo ni ya ndani, hata haionekani kwa macho. Fundi anatakiwa aitunze, kwa sababu siku akitaka kuweka mtoto chini ya kitu hicho, ataitaja alama hiyo kuwa ndiyo mzazi. Alama haibadiliki kijiji kikibadilishwa jina, wala kikisogezwa juu au chini katika orodha.

Na mzazi asipotajwa? Ungetegemea kompyuta ikatae. Haikatai. Kwenye Windows na kwenye Tkinter pia, mzazi akiachwa wazi kitu kinawekwa juu kabisa, kwenye mzizi. Yaani mkulima wa kitongojini anajikuta amepangwa sambamba na mikoa. Tulicheka karani alipotuambia kwamba iliwahi kumtokea, lakini si jambo la kuchekesha kwa mwenye jina, maana kitongojini kwake hatahesabiwa.

Ndugu wanavyopangwa

Jambo la pili, nafasi, linaonekana dogo. Fundi anaweza kuagiza jina likae mwanzo, mwisho, baada ya ndugu fulani, au lipangwe kwa alfabeti. Vyama vingi hupenda alfabeti kwa sababu daftari la karatasi lilikuwa hivyo.

Alfabeti ya kompyuta ina tabia zake. Inasoma herufi moja baada ya nyingine, hata pale penye namba. Vitongoji vikiandikwa kwa namba, "Kitongoji 10" kitakaa juu ya "Kitongoji 2", kwa sababu herufi ya 1 inatangulia ya 2, na programu haijaambiwa kwamba hizo ni hesabu. Jingine: kwenye Windows, kitu kilichoingizwa kwa alfabeti hakihamishwi chenyewe jina lake likirekebishwa baadaye. Mtu aliyeandikwa kwa herufi A kimakosa, kisha akasahihishwa kuwa H, ataendelea kukaa kwenye A mpaka orodha ipangwe upya. Karani anayeshuka moja kwa moja hadi H atasema hayupo.

Sasa, kisa cha mama

Siku ya pili alikuja fundi aliyeitengeneza ile programu. Tulikaa naye mpaka saa nane mchana, na alichotuonyesha ndicho kilichotufanya tuandike makala hii.

Kila msimu chama hujenga orodha upya. Wakulima wanajaza fomu, karani anaziingiza. Tuseme kata ina vijiji vitatu. Tuviite Amani, Mapinduzi na Umoja, si majina yake halisi. Mama ni wa Umoja. Kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo Amani ni namba 0, Mapinduzi ni 1, Umoja ni 2.

Karani aliingiza fomu za Umoja asubuhi. Alichagua kijiji mara moja, na programu ikakumbuka ili asichague tena kwa kila fomu. Wazo zuri. Lakini fundi hakuiandika ikumbuke alama ya utambulisho wa Umoja. Aliiandika ikumbuke nafasi: "kijiji namba 2."

Kabla ya chakula cha mchana ikaja taarifa kwamba kuna kijiji kipya kimegawanywa, nacho kiingizwe. Tukiite Juhudi. Karani akakiingiza na programu, kwa alfabeti, ikakiweka baada ya Amani. Orodha ikawa Amani 0, Juhudi 1, Mapinduzi 2, Umoja 3.

Unaona kilichotokea. Umoja haikuhama hata hatua moja pale ilipo, lakini kwenye kompyuta imesukumwa chini. Baada ya chakula karani alirudi kwenye fomu zake za Umoja, na programu ikaendelea kupeleka majina kwa "kijiji namba 2", ambacho sasa ni Mapinduzi.

Mbona basi hakugundua? Hapo ndipo tulipovutiwa zaidi. Kwa fomu nyingi aligundua. Programu ilipofika Mapinduzi ilitafuta kitongoji kilichoandikwa kwenye fomu, ikakikosa, ikatoa onyo. Karani akaona kijiji si chenyewe, akachagua upya, akaendelea; alidhani mausi ilimponyoka. Lakini kabla ya onyo hilo la kwanza alikuwa ameshaingiza fomu za Majengo, na karibu kila kata unayoijua ina Majengo yake. Mapinduzi nayo ina Majengo. Programu iliuliza kama kuna kitongoji cha jina hilo, ikajibiwa ndiyo, ikaweka majina humo kimya kimya. Wa vitongoji vingine wote walikuwa salama. Wa Majengo walioingizwa baada ya chakula ndio waliopotea, na mama alikuwa mmoja wao.

Tulimuuliza fundi kama ni kosa la karani. Alisema hapana, ni lake. Tulimheshimu kwa hilo, maana kabla ya hapo karani alikuwa ameshaitwa mzembe mbele ya watu. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache tu: programu ikumbuke alama ya kijiji, isikumbuke ni cha ngapi.

Halimo, au halionekani?

Kuna sababu nyingine za kuambiwa "halimo" ambazo hazihusu kijiji cha jirani, na tumeona tuzitaje kwa kuwa baadhi ya ujumbe mlioleta unafanana nazo.

Tawi likiwa limefungwa, watoto wake hawaonekani, lakini wapo. Programu nyingine haziwaleti watoto mpaka tawi lifunguliwe, ili kompyuta isielemewe na maelfu ya majina kwa mara moja. Kama mtandao au kompyuta ni nzito, tawi linaweza kufunguka likiwa tupu kwa muda. Karani mwenye foleni mlangoni hasubiri.

Lililo baya zaidi ni hili: mti unaouona kwenye kioo ni picha. Orodha yenyewe inatunzwa kwenye kanzidata au kwenye faili. Programu iliyotengenezwa vizuri huandika kwanza kwenye kanzidata, ikishahakikisha imeandika ndipo huingiza jina kwenye picha. Iliyotengenezwa vibaya hufanya kinyume. Karani anaona jina limeingia, anakuambia "tayari mama", unaondoka. Umeme unakatika kabla hajasevu, na kesho yake hakuna kitu. Wote wawili mlikuwa mnasema kweli.

Na wenye mashamba mawili? Hili limeulizwa na wasikilizaji wengi kuliko yote. Una mikorosho kwenu ulikozaliwa na mingine kijiji ulikoolewa. Mti, tulisema, humpa mtoto mzazi mmoja. Kwa hiyo ukitaka uonekane pande zote mbili, karani analazimika kukuandika mara mbili, nawe unakuwa watu wawili wenye jina moja. Ukibadilisha namba ya simu upande mmoja, upande wa pili inabaki ya zamani. Siku ya ukaguzi, mmoja wenu atafutwa, na hujui ni yupi. Kwa maoni yetu mkulima asipangwe kabisa kama jani la kitongoji. Mashamba ndiyo yapangwe kwenye mti, na mkulima awe na ukurasa wake unaotaja mashamba yake. Fundi alikubali kwamba ingefaa zaidi, akasema ni kazi ya msimu mwingine. Tutamkumbusha.

Kumrudisha mama kwao

Ungedhani kumhamisha mtu kutoka tawi moja hadi jingine ni kitendo kimoja. Tkinter ina amri ya kuhamisha. Kifaa cha mti cha Windows, ambacho ndicho programu hii ilitumia, hakina. Inabidi kuingiza jina upya mahali sahihi, kisha kufuta la zamani. Mpangilio huo ni muhimu: ukifuta kwanza halafu umeme ukakatika, umempoteza mtu.

Na kufuta kuna hatari yake. Ukifuta mzazi, watoto wote wanaondoka naye, pamoja na wajukuu. Fundi alitusimulia bila kutaja mahali kwamba kuna karani aliyeona kijiji kimeandikwa mara mbili, akafuta kimoja. Kilichofutwa ndicho kilichokuwa na watu. Siku hiyo iliokolewa na nakala ya kanzidata iliyokuwa kwenye flashi drooni.

Kwa mama, karani aliingiza jina chini ya Majengo ya Umoja, akasevu, akafunga programu, akaifungua tena, akahakikisha lipo. Ndipo akafuta lile la Mapinduzi. Tulimwomba ayasome kwa sauti yote yaliyo juu ya jina, kuanzia mkoa mpaka kitongoji. Mama akaitikia kwa kila moja, mpaka kilipofika kijiji akasema, "Hapo sasa."

Salfa yake, ikumbukwe, ilikuwa imepelekwa Mapinduzi pamoja na ya wenzake. Katibu wa kule aliona mifuko imezidi na majina asiyoyajua, akadhani ni wahamiaji bado hawajaripoti, akaifungia ghalani. Alifanya vyema. Mama alipata mifuko yake, lakini wiki zilikuwa zimepita, na mikorosho ya upande wa bondeni ilishaanza kushikwa na ubwiriunga. Hiyo hakuna anayeweza kuifuta na kuiingiza upya.

Kama na wewe utaambiwa jina lako halimo, usianze kwa kubishana kuhusu kitongoji. Mwombe karani atafute kwa namba ya uanachama, kwa sababu njia hiyo haipitii matawi. Likipatikana, mwombe asome njia nzima, siyo kitongoji peke yake. Na siku ya kuandikishwa usiondoke na neno "tayari" tu. Ondoka na namba, uipige picha kwa simu yako au uiandike kwenye daftari la nyumbani. Mama huyu asingekuwa na ile stakabadhi, tungekuwa bado tunafungua Majengo moja baada ya nyingine.

Tulipoaga ilikuwa inakaribia saa kumi. Karani alikuwa na majina mengine ya Majengo ya kuhamisha, moja moja, na mama alikuwa amevuta kiti karibu yake, anamwambia nani ni wa huku na nani ni wa kule.